Pikapu ya Zamani Inayogoma Kuwaka Wakati wa Joto: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Kuna ugonjwa wa gari ambao dereva huuona mara nyingi na fundi huuona kwa nadra. Pikapu imetoka Kibaigwa na mzigo wa mahindi saa saba mchana, ikasimama Mbande dakika 20 watu wapate chakula, na ufunguo ulipogeuzwa ikagoma. Watu wamesukuma, wamechoka, wamekaa kivulini, na ilipofika saa tisa na nusu imewaka kana kwamba haikuwa na neno. Kesho yake asubuhi inapelekwa gereji Dodoma mjini, fundi anageuza ufunguo, injini inawaka mara ya kwanza, naye hana cha kupima. Hapo ndipo kubahatisha kunapoanza: leo betri mpya, wiki ijayo koili (inayozalisha umeme wa cheche), mwezi ujao pampu, na Oktoba inayofuata gari linagoma pale pale.

Maelezo haya yanahusu pikapu za miaka ya 1980 na 1990 ambazo bado zinabeba mazao na vifaa vya ujenzi katika mkoa huu, hasa Toyota Hilux zenye injini ya petroli ya 22R inayotumia kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na zile za dizeli za 2L na 3L. Mwenye Nissan, Isuzu au Mazda ya umri huo ataweza kuyafuata bila shida, kwa kuwa kanuni ni zile zile. Jambo ninalosisitiza kuliko yote ni kwamba vipimo vifanyike gari likiwa bado la moto, pale pale lilipogomea, ndani ya dakika 10 au 15 za mwanzo. Gari likishapoa, ushahidi umepotea.

Kwa sababu hiyo inafaa vifaa vichache vikae ndani ya gari muda wote: mita ndogo ya kupimia umeme, plagi moja ya zamani iliyo safi, spana ya plagi, kitambaa kizito cha pamba, na dumu la maji. Kwa gari la dizeli ongeza kipande cha mpira mwangavu wa mafuta, kiasi cha shubiri moja, na vibano vyake viwili.

Kwa nini baada ya kusimama

Injini inapofanya kazi, maji yanazunguka, feni inavuta hewa, na mafuta yanayotoka kwenye tangi yakiwa na ubaridi wake yanapita kwenye pampu na kabureta bila kukoma. Ukizima, vyote hivyo vinasimama kwa pamoja, lakini chuma cha injini kinabaki na joto lake, na joto hilo halina pa kwenda isipokuwa kwenye vitu ambavyo muda mfupi uliopita vilikuwa vikipozwa, yaani kabureta, pampu, koili na stata. Ndiyo maana dakika ya 15 au ya 20 baada ya kuzima ni mbaya kuliko dakika ya pili, na ni mbaya kuliko saa ya tatu.

Hapo umepata kipimo cha kwanza, ambacho hakihitaji hata spana. Gari linalowaka vizuri ukilizima na kuliwasha papo hapo, lakini likagoma baada ya kusimama robo saa, mara nyingi lina tatizo la petroli kuchemka. Gari linalogoma hata ukiliwasha papo hapo, au linalozima lenyewe njiani likiwa la moto, linaelekeza kwenye umeme wa plagi au, kama ni la dizeli, kwenye pampu. Uliza jambo hili kabla ya kufungua boneti, na kama gari linaendeshwa na kijana wako, muulize yeye aliyekuwa nalo.

Mahali tulipo panaongeza uzito. Dodoma mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko Dar es Salaam na kwa hiyo kila kimiminika huchemka mapema: maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hata pwani. Mchana wa Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto la kivulini tu linapita nyuzi 30. Chini ya boneti iliyofungwa, juu ya injini iliyotoka kupanda milima ikiwa na mzigo, nyuzi 60 zinapitwa kwa urahisi. Kwa hiyo suala si kama petroli itachemka, bali itachemkia wapi na gari lilitengenezwa limudu vipi.

Anza na stata

Weka gia huru, vuta handibreki, geuza ufunguo na usikilize. Majibu ni matatu tu: stata haizunguki kabisa, inazunguka kwa uzito, au inazunguka kwa kasi yake ya kawaida ila injini haishiki. Yasichanganywe, kwa sababu kila moja lina njia yake, na nimeona watu wakifungua kabureta ya gari ambalo stata yake ilikuwa inazunguka kwa shida tangu mwanzo.

Kama unasikia mlio mmoja wa "tak" au husikii kitu, washa taa kubwa za mbele kisha mtu ageuze ufunguo huku wewe ukitazama. Taa zikififia hadi karibu kuzima, betri imeishiwa au vichwa vyake vimelegea au vimeota ukungu mweupe. Taa zikibaki na mwanga wake ule ule, betri ina nguvu lakini umeme haufiki kwenye stata. Sasa pima volti kwenye ule waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya ufunguo na kuingia kwenye stata, ufunguo ukiwa umegeuzwa. Ukipata volti 10 au zaidi na stata bado inatoa "tak" tu, ubovu uko ndani ya stata: kwenye stata nyingi za Toyota, vile vipande viwili vya shaba vinavyogusana ili kupitisha umeme mkubwa vimelika upande mmoja. Vipande hivyo vinauzwa peke yake, na hakuna sababu ya kununua stata nzima kabla ya kufungua kifuniko na kuvitazama. Ukipata volti 7 au 8, waya ule umechoka au swichi ya ufunguo imechakaa. Gari la miaka 30 lina waya mrefu wenye viungio vingi, na joto linapoongeza ukinzani, kile kidogo kilichokuwa kinatosha asubuhi hakitoshi mchana. Dawa inayodumu ni kuweka rilei karibu na betri, ili swichi iamshe rilei na rilei ilete umeme kamili kwenye stata.

Stata inayozunguka kwa uzito ikiwa ya moto inahitaji uvumilivu zaidi, kwa sababu chanzo huwa si kimoja bali ni upungufu mdogo mdogo uliokusanyika. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo waya na misokoto ya stata vikipanda nyuzi 60, ukinzani wake umepanda kwa karibu robo. Gari likiwa jipya, hesabu hiyo ilizingatiwa. Likiwa na waya wa ethi (wa upande wa hasi) ulioliwa na kutu, na stata yenye kaboni zilizolika na bushi zilizolegea, ile robo ndiyo inayolishinda.

Pima kwa utaratibu huu. Betri ikiwa imetulia bila kazi iwe na karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chomoa ule waya mwembamba wa koili ili injini isiwake, kisha mtu azungushe stata huku ukisoma mita kwenye betri yenyewe: isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka zaidi, ama betri imechoka ama stata inakula umeme kupita kiasi, na njia rahisi ya kutofautisha ni kubusti kwa betri nzima ya gari jingine. Stata ikizunguka kwa nguvu, kosa ni la betri. Ikibaki nzito, kosa ni la stata au la waya. Ikiwa betri inashikilia volti zake na stata bado ni nzito, pima upotevu njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye nati kubwa ya stata, zungusha: isizidi nusu volti. Halafu ncha moja kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye bodi la stata: isizidi robo volti hivi. Upande wa hasi ndio unaosahaulika, hasa ule mkanda wa waya unaounganisha injini na chasisi, ambao injini ikishushwa kwa matengenezo hurudishwa juu ya rangi au kutu, au haurudishwi kabisa. Nikiwa na shilingi za kutosha kitu kimoja tu kwenye pikapu ya zamani, nitanunua waya mnene wa ethi kabla ya kitu kingine chochote.

Betri zetu za maji nazo ziangaliwe, kwa kuwa joto hukausha maji yake. Kila baada ya wiki mbili katika miezi ya kiangazi fungua vifuniko, na kama bati za ndani zinaonekana, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa; maji ya bomba au ya kisima yana chumvi inayoharibu bati hizo.

Kuna hali nyingine inayofanana na stata mbovu. Injini inazunguka nusu duara, inakwama kwa ghafla kana kwamba imepigwa ngumi, inaendelea, inakwama tena. Ukichomoa waya wa koili na kuzungusha, ikazunguka laini bila kukwama, basi stata haina kosa: muda wa cheche umewekwa mapema mno, na silinda zikiwa za moto mafuta yanalipuka kabla pistoni haijafika juu na kuirudisha nyuma. Hili hutokea mara nyingi fundi anapozungusha distributa, inayogawa cheche kwa plagi, kwa kufuata sikio tu ili gari lipate nguvu. Lirekebishwe kwa taa ya kupimia, kwa alama iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari husika.

Stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki: petroli

Sasa tumefika kwenye sehemu yenye mambo mengi. Maswali ni mawili, je, kuna cheche, na je, kuna mafuta, na yote mawili yajibiwe kabla gari halijapoa. Ningeanza na mafuta kwa sababu jibu lake linapatikana kwa kutazama.

Kabureta nyingi za Toyota za wakati huo zina kioo kidogo ubavuni mwa bakuli la mafuta. Futa vumbi, utazame kiwango. Kisha fungua kifuniko cha filta ya hewa, angalia ndani ya kabureta, na uvute waya wa pedali ya mafuta kwa mkono mara moja, injini ikiwa imezimwa. Usivute sigara, usiruhusu anayevuta asogee. Utaona mojawapo ya mambo haya.

Ukiona petroli inarushwa kwa michirizi myembamba, na kuta za ndani zimelowa au zinatoa mvuke wenye harufu kali, injini imefurika. Petroli iliyochemka ndani ya bakuli imemwagika yenyewe kwenye njia ya hewa, na silinda zina mafuta mengi kuliko hewa. Plagi ukiitoa itakuwa imelowa na nyeusi. Kosa linalofanywa na karibu kila dereva hapa ni kupigapiga pedali ya mafuta, na kila pigo linaongeza petroli pale ambapo tayari imezidi. Kinachotakiwa ni kukanyaga pedali hadi chini, kuishikilia hapo bila kuiachia, na kuzungusha stata kwa sekunde 5 hadi 10, ili hewa nyingi iingie na kukausha. Injini itashika kwa kusitasita, itatoa moshi mweusi, kisha itakaa sawa.

Usipoona petroli ikirushwa, na kioo kinaonyesha bakuli tupu au lenye mapovu, basi mafuta hayafiki. Petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba au pampu, na pampu ya kawaida ya injini hizi, inayosukumwa na injini yenyewe, inavuta petroli kwa kunyonya. Ikinyonya mvuke, inabana na kuachia mvuke ule ule bila kusogeza kitu. Lowesha kitambaa, ukizungushe kwenye pampu na kwenye bomba linaloingia humo, usubiri dakika chache, uzungushe tena. Likiwaka, umepata uthibitisho. Kabla ya hapo fungua kifuniko cha tangi na usikilize: kikivuta hewa kwa mlio mkubwa, tundu lake la kupumulia limeziba kwa vumbi, na pampu imekuwa ikishindana na tangi lililobanwa. Tundu hilo huzibuliwa kwa sindano.

Hayo ni ya kutokea njiani. Tiba ya kudumu inahitaji kujiuliza gari lilikuwa na nini lilipotoka kiwandani ambacho sasa halina. Kati ya kabureta na injini pana kipande kinene cheusi cha kuzuia joto, ambacho mafundi hukiita insuleta, na kwenye magari mengi pana bati la kukinga joto chini yake. Pana pia bomba la pili la kurudisha petroli tangini, ambalo hufanya mafuta yaliyo kwenye pampu yazunguke muda wote badala ya kukaa yakipata moto, na hubeba mvuke kuurudisha nyuma. Nimewahi kuwa na Hilux iliyonisumbua misimu miwili ya kiangazi. Nilibadilisha koili, nikabadilisha pampu, nikanunua betri ambayo haikuwa na hatia. Siku moja, nikiwa nimesimama nayo kwenye jua na kitambaa mkononi, niliweka kidole chini ya kabureta na kuona kwamba imekaa moja kwa moja juu ya chuma, na karatasi ya gasketi tu katikati. Gereji iliyofungua kabureta miaka miwili kabla ilikuta insuleta imepasuka, ikaitupa, na haikusema. Bomba la kurudisha nalo lilikuwa limekunjwa na kufungwa kwa waya. Niliirudisha insuleta iliyotoka kwenye gari bovu, nikafungua bomba lile, na tatizo likaisha.

Kwa hiyo kagua vitu hivyo viwili kabla ya kununua chochote. Bomba la kurudisha lijaribiwe kwa kulichomoa upande wa injini na kupuliza. Mtu aliye tangini, kifuniko kikiwa wazi, asikie mapovu au hewa ikitoka. Mabomba na mipira ya mafuta iliyopitishwa karibu na bomba la moshi ihamishwe, au ifunikwe kwa kizuia joto. Filta ya mafuta iliyojaa uchafu inaongeza unyonyaji na hivyo inarahisisha kuchemka, nayo ni ya bei ndogo. Kwa gari linalofurika, boya la ndani ya bakuli na vali yake ya sindano inayofunga petroli vikaguliwe, kwa sababu bakuli lililojaa kupita kiwango litamwagika hata kwa joto kidogo. Choki nayo itazamwe injini ikiwa ya moto: kile kibati cha juu kinatakiwa kisimame wima kabisa, na kikiwa kimefunga hata nusu, gari linapewa mafuta ya asubuhi ya Juni katikati ya mchana wa Novemba.

Watu wengine huamua kuweka pampu ya umeme karibu na tangi. Ni dawa nzuri, kwa kuwa pampu inayosukuma haiathiriwi na mvuke kama inayonyonya, ila iwe ya magari ya kabureta. Pampu iliyotolewa kwenye gari la kisasa ina msukumo mkubwa mno ambao vali ya sindano haiwezi kuuzuia, na petroli itamwagika juu ya injini ya moto. Iunganishwe pia kwa namna ambayo itazima injini inapozima, ili ajali ikitokea isiendelee kumwaga mafuta.

Mafuta yapo, cheche hakuna

Toa waya wa plagi moja, ingiza plagi ya zamani, laza chuma chake kwenye sehemu safi ya injini mbali na kabureta, na mtu azungushe stata. Kama muda mfupi uliopita uliona petroli imemwagika, ifute na uiache ikauke kwanza. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika. Ikiwa ya njano na nyembamba, au haipo, mwagia kitambaa maji, kikamue, ukifunge kwenye koili kwa dakika 5, kisha upime tena. Cheche ikirudi, koili imekwisha: misokoto yake ya ndani inaachana ikipata moto na kurudiana ikipoa. Isiporudi, fanya hivyo hivyo kwa ile ignaita (kifaa cha kielektroniki kinachokata umeme wa koili) kwenye magari yaliyo nayo, na kwa kondensa kwenye yale ya zamani zaidi ambayo kazi hiyo hufanywa na pointi.

Kabla ya kulipia koili mpya hakikisha ni ya aina inayotakiwa. Koili nyingine zimetengenezwa zitumike na kizuizi cha umeme nje yake, na zikifungwa bila hicho kizuizi zinapata moto hata gari likiwa barabara tambarare, zinafanya kazi miezi michache, kisha ugonjwa ule ule unarudi na mwenye gari anaamini kwamba ameuziwa bidhaa bandia. Pima pia kama koili inapata umeme wakati wa kuzungusha, kwani swichi ya ufunguo iliyochakaa huweza kutoa umeme ufunguo ukiwa umeachiliwa na kuukata ukigeuzwa. Dalili yake ni injini inayoshika kwa sekunde moja pale pale unapouachia ufunguo.

Kwa pikapu za petroli zenye nozo za kupulizia mafuta badala ya kabureta, kama 22R-E, mtazamo uwe kwenye kihisi cha joto la maji, ambacho kwa Toyota hizo husoma karibu kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20 na kushuka hadi 0.2 au 0.4 kwenye nyuzi 80. Kikibaki juu injini ikiwa ya moto, kompyuta inaamini ni asubuhi na inamwaga mafuta. Nozo inayovuja baada ya kuzima huleta dalili hiyo hiyo.

Dizeli

Dizeli haichemki katika joto hili, kwa hiyo mwenye 2L au 3L asitafute mvuke. Tatizo lake ni kinyume: dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, na ndani ya pampu ya nozo kuna sehemu mbili za chuma zinazopishana kwa nafasi ndogo sana. Zikichakaa, dizeli nyepesi inapenya katikati yake badala ya kwenda kwenye nozo, na kwa mwendo mdogo wa stata msukumo hautoshi kufungua nozo. Gari kama hili huwaka asubuhi vizuri, linakwenda Mtera bila shida, na likizimwa likiwa la moto haliwaki kwa stata. Likisukumwa kwenye mteremko linawaka, kwa kuwa linazunguka kwa kasi zaidi.

Uthibitisho ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, funika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya kawaida, urudie kuyaongeza kwa dakika 10, kisha uwashe. Ikiwaka baada ya kukataa, pampu imechakaa na inahitaji kwenda kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Usimwage maji baridi juu ya pampu wakati injini inafanya kazi, maana sehemu ya nje ikijikunyata ghafla inaweza kukaba ya ndani, na hasara yake ni pampu nzima.

Lakini kabla ya kulaumu pampu, ambayo ni kitu cha gharama kubwa, ondoa uwezekano wa hewa. Unganisha ule mpira mwangavu kati ya filta na pampu, washa gari, na utazame. Mapovu yanayopita mfululizo yanaonyesha kwamba mpira uliopasuka, kibano kilicholegea au pampu ya mkono iliyo juu ya filta inaingiza hewa. Mipira ya zamani hulainika ikipata joto na kuacha kubana vizuri, ndiyo maana inaweza kuvuja mchana tu. Halafu gusa ile swichi ya umeme inayozima mafuta, iliyoko juu ya pampu: mtu afungue na kufunga ufunguo, nawe usikie mlio mdogo. Usiposikia wakati wa joto na ukausikia wakati wa baridi, hiyo ndiyo ya kubadilisha. Plagi za kupasha joto usizihangaikie, kwani injini ya moto haizihitaji ili iwake. Kama pampu, hewa na swichi viko sawa na gari bado linagoma, pima mgandamizo wa silinda kabla ya kutumia fedha nyingine yoyote.

Rejeta

Kwa magari yote, petroli au dizeli, injini inayopata moto kuliko inavyopaswa itaongeza kila tatizo lililotajwa. Vumbi jekundu la barabara za Bahi na Chamwino hujaza mapezi ya rejeta kutoka mbele, likichanganyika na mabaki ya wadudu, na rejeta inayoonekana nzima haipitishi hewa. Isafishwe kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa msukumo wa kawaida, kwani mashine za kuoshea magari hukunja mapezi. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto kwa sababu yoyote ile.

Ukifika hatua ambayo lazima umwite fundi, mweleze mambo manne kwa maandishi: gari lilisimama dakika ngapi kabla ya kugoma, stata ilizunguka vipi, kulikuwa na cheche au hapana, na bakuli la kabureta au mpira wa dizeli ulionyesha nini. Kama anapatikana karibu, aje pale gari lilipo. Kama lazima lipelekwe kwake, lipelekwe mchana, lipitishwe barabarani nusu saa likiwa na mzigo, lizimwe mlangoni pa gereji boneti ikiwa imefungwa, na lisiguswe hadi robo saa ipite.